Maji ya Jirani



Katika vilima vya Pugu, walikofika wamisionari Wabenedikto mwaka 1888, huanzia mto mdogo uitwao Msimbazi. Safari yake si ndefu: hushuka kupitia Vingunguti na Jangwani, kisha huingia baharini karibu na daraja la Selander. Lakini katika njia hiyo fupi hupokea uchafu wa viwanda, wa machinjio, wa gereji na wa vyoo vya watu wengi mno. Na kandokando yake hulimwa mchicha unaouzwa sokoni. Twautaja mto huo kwa kuwa wajulikana. Mito mingine midogo ya nchi yetu yaelekea huko huko.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, awakemea kondoo wanono ambao, wakiisha kunywa maji safi, huyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao. Angalieni: kosa lao si kunywa, bali ni kutomfikiri anayekuja nyuma. Mjini Dar es Salaam uko mtindo wenye jina lake, kutapisha choo: mvua kubwa inyeshapo, mtu hutoboa shimo la choo chake ili mafuriko yachukue. Gharama ya gari la kunyonya ameiepuka, kweli. Ila huenda amempelekea jirani wa bondeni kipindupindu. Je, atafutapo dhambi zake moyoni kabla ya kuungama, huikumbuka Amri ya Tano? Twaogopa kwamba haikumbuki, maana aliyeugua hamjui hata kwa jina.

Wengine husema: tutachemsha. Naam, kuchemsha huua vijidudu, na ni wajibu wa kila nyumba. Lakini risasi na kromiamu haziondoki kwa moto, wala mchicha uliokwisha kuzinyonya hautakaswi kwa kuoshwa. Kwa hiyo hatari yapasa kupimwa tangu chemchemi mpaka kikombe: ni uchafu gani uingiao, waingia wapi, mara ngapi, naye atakayedhurika ni nani. Mfereji mdogo ulio juu ya kisima waweza kudhuru kuliko bomba kubwa lililo mbali nacho. Tena maji yapimwe masika na kiangazi pia, kwa kuwa mvua husomba kinyesi, na wakati wa ukame sumu hukosa maji ya kuizimua.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yalinda mita 60 za kando ya mto, na bodi za mabonde ya maji zipo. Zisaidiwe. Jumuiya ndogondogo zaweza kuutembea mto wao siku moja, kuandika kila mahali pamwagwapo uchafu na kila mahali pachotwapo maji, kisha kuipeleka karatasi hiyo kwa bodi na kwa afisa afya.

Na yule aliyetapisha choo? Toba yadai malipizi. Achangiane na majirani kuliita gari la kunyonya kabla mvua za masika hazijaanza, na aliye maskini kabisa jumuiya imlipie.