Anayeondoka Anadaiwa na Nani?

Malolo, wilayani Kilosa, kitunguu kinalimwa kwa maji ya mfereji. Kibarua aliyeachiwa shamba anajua mambo ambayo tajiri mwenyewe, anayefika mara mojamoja kwa pikipiki, hayajui: zamu ya maji inaanguka saa ngapi, jaruba lipi linakunywa haraka, ukingo gani unabomoka maji yakizidi. Ujuzi huo haujaandikwa popote. Akiondoka usiku bila kuaga, anaondoka nao, na miche iliyotolewa kitaluni juzi haiwezi kumngoja mgeni ajifunze.

Nimeanza na miche kwa sababu tukizungumzia kuacha kazi, mazungumzo yote humwishia bosi. Alinitendea vizuri, nitamuaga; alinidharau, ataamka asinikute. Tunahesabu kana kwamba kazi ni jambo la watu wawili tu. Lakini karibu kila kazi ina mtu wa tatu: mwanafunzi aliye katikati ya mada, mgonjwa aliyeambiwa arudi Jumatatu, mwenzako wa zamu atakayebeba mzigo wako kesho. Huyo hakukukosea. Naamini deni kubwa la anayeondoka liko kwake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya maandishi: isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 7 ikiwa ajira haijavuka mwezi mmoja. Notisi hiyo inawabana wote wawili, mwajiri na mwajiriwa. Mfanyakazi akikataa kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata malipo ya siku hizo kwenye haki zake za mwisho. Ni sheria nzuri, ila inageuza siku kuwa fedha, na fedha humaliza hesabu na mwajiri peke yake. Fedha haimwelezi mrithi wako ni jaruba lipi la kuanza nalo. Mtu anaweza kuwa safi kabisa mbele ya sheria huku amewaacha wenzake gizani.

Kuna atakayeuliza: na yule ambaye hajalipwa miezi mitatu? Yule anayetukanwa mbele ya watoto wake? Swali hili si dogo, na sitaki kumpa tajiri dhalimu fimbo ya adabu. Anayepigwa aondoke leo, wala asiandike barua kwanza. Anayedai ujira apeleke dai lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, tena alitaje kwa sauti. Kuagana vizuri hakudai ukimya. Ila kudai haki yako na kumwonyesha mwingine kazi ilipofikia ni mambo mawili, na moja halifuti jingine. Kibarua anaweza kusema, “Mzee, shikamoo. Nimekuja kuaga, na pesa yangu ya mwezi uliopita bado,” kisha akaenda mferejini na kijana anayempokea. Tajiri naye ana sehemu yake. Akimfukuza papo hapo aliyekuja kuaga kwa heshima, vibarua wengine wanaona, na msimu ujao hakuna atakayemwambia kitu mapema.

Washauri wengi hutuhimiza tuagane vizuri kwa kuwa dunia ni ndogo, kesho utahitaji barua ya utambulisho. Ni kweli, lakini sababu hiyo inaishusha thamani adabu, inaifanya akiba ya kuchukua baadaye. Mfano wa kujiuzulu kwa Ali Hassan Mwinyi huharibiwa hivyohivyo. Miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa waliteswa na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Mkono wake haukuwemo. Akajiuzulu. Wanaosimulia habari hii hukimbilia mwisho wake: akawa balozi Misri, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, akawa Rais wa Muungano mwaka 1985. Tunasimulia kana kwamba cheo cha baadaye ndicho kilichothibitisha kwamba alifanya sawa.

Mimi nadhani alifanya sawa siku ileile, na angekuwa amefanya sawa hata kama angerudi Unguja akasahauliwa. Hakuondoka kwa kugombana na aliyemteua, wala hakuwatupia lawama askari akabaki na kiti. Waliofiwa kule Mwanza na Shinyanga hawakuwa na haja ya kujua angekuwa nani miaka kumi baadaye. Walistahili mtu mmoja mwenye cheo akubali kwamba jambo hili limetokea chini yake.