Deni la Mwenye Kusikiliza

Mji hujengwa kwa mawe, udongo na mabati, lakini hukaliwa katika mawazo ya watu. Mpima viwanja huona mji mmoja, na mzaliwa wa mahali huona mwingine. Mji wa yule wa kwanza una mistari, vipimo na thamani. Mji wa huyu wa pili una kisima alichochotea maji mama yake, mti uliokuwa baraza ya wazee, na kona waliposuluhishwa ndugu wawili waliogombana. Mji ukichakaa ni haki ujengwe upya, na hapana mwenye akili atakayekataa maji safi na mifereji ya taka. Swali la insha hii ni jingine: mtu aliyewasikiliza wakazi wa mtaa unaokusudiwa kujengwa upya, akayachukua masimulizi yao na kuyafanya mchezo wa kuigiza, anawiwa nao neno gani?

Swali hili si la bure. Imekuwa desturi katika nchi nyingi wasanii kuingia katika mtaa, kukusanya habari za wazee na kuzionyesha jukwaani. Mara nyingi huitwa wakati shauri limekwisha kukatwa. Watazamaji hucheka, hulia, hupiga makofi. Kesho yake tingatinga huja. Mchezo wa namna hiyo ni matanga ya mtaa. Matanga ni jambo jema na la heshima, lakini hapana maiti aliyepata kuponywa kwa matanga yake.

Hapa Mnazi, ninapoandikia, tuko chini ya milima ya Usambara katika Wilaya ya Lushoto, na milimani tunaweza kujifunza fikira nyingine juu ya masimulizi. Habari ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akawagawia watu nyama, akaua simba, akafanywa mfalme wa Washambaa, ilikaa vinywani kabla Abdallah bin Hemedi hajaiandika katika Habari za Wakilindi. Haikuwa hadithi ya kuwalaza watoto. Ilieleza kwa nini Wakilindi walitawala, na kwa hiyo ilieleza pia sharti la utawala wao: aliyepewa enzi kwa kulisha na kulinda, yampasa alishe na alinde. Washambaa walikuwa na mizani ya kumpimia mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Masimulizi yalikuwa hati, na hati humfunga mtu.

Mizani hiyo ilitumika hata juu ya wageni. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuirudishia ardhi nguvu zake. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta katika miteremko ili mvua isichukue udongo. Shabaha haikuwa mbaya, maana udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Lakini amri ilitangulia mashauri, na kazi ilikuwa nzito. Jambo ambalo wakubwa waliliita kuponya, wakulima wengi waliliona kuwa ni kuharibu. Upinzani ulikua katika miaka ya 1950, na mpango ukaachwa kabla Tanganyika haijapata uhuru mwaka 1961. Ujuzi wa udongo haukutosha bila ujuzi wa watu walioishi juu yake. Na ujuzi huo haukufichwa, ulikuwa vinywani, ukingoja kuulizwa.

Lililo kweli kwa shamba ni kweli kwa mtaa. Tutazame Magomeni Kota, Dar es Salaam. Wakazi walihamishwa na nyumba zao zikabomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Majengo mapya ya ghorofa kwa ajili ya kaya 644 yakazinduliwa mwaka 2022. Nyumba ni bora kuliko zile za zamani, na sifa hiyo haifai kunyimwa. Walakini kati ya tarehe hizo mbili imepita miaka kumi hivi. Mzee aliyeondoka na miaka 70 ilimlazimu kufika 80 ili arudi. Mtoto aliyeondoka akijifunza kusoma alirudi kijana. Hesabu ya kaya yaweza kutimia barabara, ilhali ujirani hauhesabiki hivyo.

Basi sanaa ifanye nini? Mfano wa nyumbani upo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Waliyachunguza matatizo ya kijiji pamoja na wanakijiji, wakayatia katika ngoma na maigizo, kisha watazamaji wakayajadili. Mchezo haukwisha kwa makofi; makofi yalifungua mazungumzo. Huko Kamiriithu, nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi pamoja na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walionyesha mwaka 1977 mchezo juu ya ardhi na ujira. Serikali iliupiga marufuku mwaka huo huo, na mwaka 1982 jukwaa lao likabomolewa. Wenye nguvu hawabomoi kitu wanachokiona kuwa kitulizo tu.

Yamkini msomaji atasema kwamba kumbukumbu hudanganya: mzee huusifu mtaa wa ujana wake kwa sababu anausifu ujana. Tena mwenye nyumba na mpangaji hawakumbuki jambo moja. Huyu hukumbuka kodi iliyochelewa, yule hukumbuka paa lililovuja. Neno hili ni la kweli, na ndiyo sababu maonyesho hupita daftari la mtafiti. Daftari halina wa kulikanusha, bali mchezo unaochezwa mbele ya mtaa mzima waweza kukatizwa na mpangaji akasema, "Haikuwa hivyo."

Deni la msikilizaji, basi, laweza kutajwa. Ayarudishe maneno kwa wenyewe wakati ramani bado yaweza kufutwa. Awape nafasi ya kukanushana. Na mkata shauri aketi mbele, akijua kwamba baada ya ngoma ataulizwa na itampasa kujibu. Asiyeweza kuyatimiza haya ni afadhali asimsumbue mzee kwa maswali, kwani atakuwa amekopa asichokusudia kulipa.

Mnazi si Dar es Salaam, na huenda ramani ya mageuzi makubwa itachelewa kutufikia. Kuchelewa huko ni fursa. Wazee wapo, vijana wanaojua kuigiza wapo, na uwanja hauhitaji paa. Tuwaulize sasa, kabla swali halijawa matanga.