Damu ya Babu

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, baba mdogo hakuuliza karo ilikwama wapi. Alisema tu, "Hiyo ni damu ya babu yake." Babu alikuwa mtu wa magendo. Mazungumzo yakaishia hapo, kana kwamba majibu ya maabara yameshasomwa.

Sasa niulize: hiyo damu ilikuwa wapi kabla ya 1975? Mwaka huo baridi kali iliua mikahawa Brazil, bei ya kahawa ikapaa duniani kote. Upande wa Uganda, serikali ya Idi Amin iliwalipa wakulima kidogo, tena kwa shilingi iliyokuwa ikishuka kila siku. Upande wetu pesa ilikuwepo. Magunia yakavuka usiku, kwa baiskeli, kwa vichwa. Kule Chepkube, Bungoma, soko zima likachipuka. Babu alibeba. Majirani walibeba. Hata mzee wa kanisa alibeba (hili nyanya husimulia akicheka mpaka machozi). Kama ni damu, basi ni ya mtaa mzima, na iliamka siku bei ilipopanda.

Ningekomea hapo ningeshinda hoja. Shida ni binamu yangu.

Shangazi aliolewa ng'ambo, Busia ya Uganda. Sisi Wasamia tuko pande zote mbili tangu Waingereza waliposogeza mpaka 1902. Binamu amelelewa kule, na hajawahi kukaa na babu hata wiki moja. Lakini mtazame: hawezi kutulia kwenye kiti dakika kumi, anagongagonga vidole mezani kama babu, na bei ya kitu anaijua kabla hujauliza. Mimi pia niko hivyo. Hakuna aliyetufundisha.

Basi kuna kitu tulirithi, siwezi kukana. Ila kitu chenyewe ni haraka tu, si wizi. Binamu leo anafanya kazi kwa wakala wa forodha, anakimbizana na makaratasi ya malori pale kwenye kituo cha pamoja kilichozinduliwa 2018. Ana kitambulisho shingoni, na baba mdogo anamsifu, ati ana bidii. Mimi mwenye haraka ileile, bila kitambulisho, ndiye mwenye damu mbaya.

Juzi nilimuuliza nyanya, hiyo bidii ya binamu imetoka kwa nani.

"Kwa babu yenu, kwani kwa nani tena?"

Baba mdogo alikuwa hapo hapo. Akaomba aongezewe chai.