Je, Ni Halali Kumponya Mtu kwa Uongo?



Mwalimu mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe, akaingiwa na sonona. Hakula, hakulala, akaacha hata kuimba kwaya. Mtoa dawa mmoja akampa vidonge vya vitamini, akamwambia ni dawa kali ya huzuni. Sisi tulijua, tukanyamaza, maana alianza kupata nafuu. Baadaye akagundua. Tangu siku ile hakuamini dawa yoyote, hata ile ya shinikizo la damu aliyoihitaji kweli. Ndipo tukajiuliza: je, ni halali kumponya mtu kwa uongo?

Kwamba kidonge kitupu huleta nafuu si hadithi. Wataalamu hukiita plasebo. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya majaribio 522 ya dawa 21 za sonona. Dawa zote zilishinda kidonge kitupu, lakini si kwa mbali sana. Basi dawa ni za kweli, wala mtu asiache alizoandikiwa na daktari. Ila sehemu ya nafuu hutoka penginepo: katika kupita kwa siku, katika tumaini, na katika kuona kwamba yupo anayetujali.

Je, hayo hayapatikani bila uongo? Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2002 vilichaguliwa vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Katika nusu yake, wenye huzuni hiyo walikutana kila juma kwa majuma 16, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Viongozi wao hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofunzwa majuma mawili. Katika kila watu 100, wenye sonona walishuka kutoka 86 hadi kama 7. Katika vijiji vingine walishuka kutoka 94 hadi 55. Tuone vema: hata wasiokutana, baadhi yao walipata nafuu. Lakini tofauti ni kubwa, na hakuna aliyedanganywa.

Hapa Unyamwezi jambo hili si geni. Wapagazi wa njia ya Tabora hadi Bagamoyo walikuwa na mzigo ulioitwa mzigaziga. Mzigo uliomshinda mmoja ulitundikwa mtini, ukachukuliwa na wawili. Mpagazi hakuambiwa kwamba mzigo ni mwepesi. Alipewa mwenzake.

Rafiki za Ayubu nao walifanya vema siku zile saba walipoketi naye chini, kimya. Walikosea walipofungua vinywa kumhukumu. Sisi hata kuketi hatukuketi. Tuliviachia vidonge kazi yetu.

Tumekwisha kumwomba mwenzetu radhi. Sasa twaenda kwake kila Alhamisi, na juzi alikubali kurudi hospitali kupimwa. Nawe, ndugu, mtaani kwako ni nani ameacha kuja ibadani siku hizi? Na ni nani ameketi naye?