Mwenye Nguvu Mpishe?

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Katika barabara ya Tirinyi, itokayo Iganga hadi Mbale, methali hii ndiyo sheria: lori likipiga honi, mwendesha baiskeli huingia majanini. Je, ni haki?

Kule Jinja, mtalii hukodi baiskeli akaongozwa katika vijia vya kando ya Mto Nile, mbali na magari. Utulivu huo ni sehemu ya anachokilipia. Mjomba wangu naye hubeba mikungu ya matoke kwa baiskeli kutoka Kamonkoli hadi Mbale, na njia yake ni ile ile ya malori. Simlaumu mtalii. Nauliza tu kwa nini usalama uwe starehe kwa mmoja na bahati kwa mwingine.

Mtu atasema barabara ni ya wote, na malori hulisha nchi. Ni kweli. Lakini watumiaji wake hawahatarishani sawasawa: baiskeli haiwezi kuliponda lori. Kwa hiyo, anayeweza kudhuru zaidi ndiye anayedaiwa uangalifu zaidi, na serikali inayojenga barabara inadaiwa njia ya baiskeli pembeni. Tukumbuke kwamba boda boda za kwanza, pale mpakani Busia, zilikuwa baiskeli. Abiria walibebwa kwa nguvu za miguu kabla ya pikipiki kuja.

Methali ile inatufundisha kunusurika tu. Kumpisha mwenye nguvu ni busara ya mnyonge. Kumpisha mnyonge ni wajibu wa mwenye nguvu.