Dirisha la Mjomba

Mjomba alifika siku ya tatu baada ya mdogo wangu kuanza dawa. Alikuja na nyundo, patasi na mbao mbili begani, na salamu zake zilikuwa fupi. Alimkuta mgonjwa amelala kwenye mkeka uani, akainama, akamshika mkono, akakaa naye kimya kidogo, kisha akaingia ndani. Mara tukasikia matofali yanagongwa. Bibi akatoka jikoni amehamaki, anauliza nani anabomoa nyumba yake. Mjomba akajibu kutoka ndani kwamba nesi amesema chumba kinataka hewa, na lile tulilokuwa tunaliita dirisha ni tundu tu.

Aliyekulia Ufipa anajua kwa nini madirisha yetu ni madogo. Mji wa Sumbawanga uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu Mwimbi, wilayani Kalambo, ikifika Juni na Julai upepo wa usiku unapenya hadi kwenye mifupa. Wazee wetu walijenga wakiikimbia baridi. Lakini mdogo wangu aliugua kifua kikuu, na ugonjwa huo husafiri kwa hewa: mtu akikohoa katika chumba kilichofungwa, vimelea hubaki vikielea humo, na anayeingia baadaye huvivuta. Mjomba si mtu wa maneno. Tangu aliposikia habari za mtoto wa dada yake hakuwa amepiga simu hata mara moja, nami nilikuwa nimeanza kumlaumu moyoni. Kumbe alikuwa anatafuta mbao.

Mdogo wangu ana miaka 23. Amenipa ruhusa ya kuandika habari hii, akaomba nisimtaje jina na nisimfanye aonekane wa kuhurumiwa. Alikuwa anaendesha bodaboda ya mkataba, ile ya kumpelekea mwenye pikipiki hesabu kila wiki mpaka siku ya mwisho chombo kinakuwa chako. Kikohozi kilimwanza Septemba. Duka la dawa la kwanza lilimuuzia dawa ya maji ya kikohozi, la pili likamuuzia vidonge vya rangi mbili, na mahali pengine akaambiwa ni taifodi. Jasho lilikuwa linamlowesha usiku kucha, suruali zikawa zinamvuka, na alipoanza kutema damu hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi nadhani mara nyingi kijana hafichi maradhi, anaificha hesabu ya wiki ijayo. Akilala kitandani siku 7, pikipiki inarudi kwa mwenyewe.

Tulimpeleka kupima Novemba, mvua za kwanza zimeshanyesha na watu wako nyuma ya maksai wanalima. Akatoa makohozi, majibu yakatoka, akapimwa uzito: kilo 47. Kikohozi kikizidi wiki 2, pima. Ujumbe huo umebandikwa kwenye kuta za zahanati zetu miaka yote, na sisi tulikaa nacho zaidi ya miezi miwili.

Ndugu walikuja wengi. Wengine walileta kuku, wengine walileta maneno. Palikuwa na mazungumzo ya chinichini kwamba kijana ameonewa wivu na pikipiki yake, na kwamba yuko mtaalamu ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, anayeweza kumtaja mhusika. Inafahamika kwamba jina Sumbawanga kwa Kifipa ni agizo la kutupa uchawi. Mji wetu umebeba agizo hilo kwenye jina lake, nasi tunaendelea kurudi kuuokota kila mtoto anapokonda. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, akawakaribisha chakula, akasema mwanawe ameshapimwa, ugonjwa una jina na dawa zake hazilipiwi, na atakayependa kusaidia kuna mahindi hayajapandwa. Wawili walikwenda shambani kesho yake. Sitaki kuwadharau wale waliotaja uchawi. Walikuwa na hofu, na hofu ikipewa jembe hufanya kazi nzuri.

Jambo la sahani lilikuwa gumu zaidi. Siku za mwanzo alitengewa sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, vikawekwa peke yake kwenye rafu. Hakuna aliyetoa amri, lilitokea tu. Mdogo wangu aliviona, akawa anakula nusu anaacha. Nesi alipomuuliza mama kwa nini uzito haupandi, maneno yakatoka, na nesi akaeleza polepole kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa sahani wala kwa kupeana mkono, na kwamba mtu akimeza dawa sawasawa, baada ya wiki chache hatari ya kuambukiza wengine hupungua sana. Jioni ile mama alipakua ugali wa familia kwenye sinia moja, akaweka maharage na dagaa, akamwita mwanawe. Bibi ndiye aliyenawa wa kwanza akakaa karibu naye. Bibi alikuwa msichana wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ile iliyokusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima kusikiliza redio kwa vikundi na kuchimba vyoo, na tangu hapo akishaelezwa jambo la afya akalielewa, harudi nyuma. Isipokuwa dirisha. Dirisha alilipinga kwa wiki mbili.

Mimi nilitaka alazwe. Nafanya kazi mjini, nimesoma kuliko wote nyumbani, na niliona uani kwetu, penye moshi wa jiko na kuku wanaopita, si mahali pa kuponea. Nilipiga simu kwa watu ninaowafahamu mpaka Mbeya. Nesi alinitazama akaniambia kwamba hali yake inaruhusu atibiwe nyumbani, na kwamba nyumbani watu hupona. Sikumwamini mpaka nilipotafuta mwenyewe na kukutana na kazi iliyofanyika katika mji wa Madras, India, miaka ya 1950. Watafiti waliwagawa wagonjwa makundi mawili. Nusu wakalazwa hospitali maalumu ya kifua kikuu kwa mwaka mzima, wakapumzishwa na kulishwa vizuri. Nusu wakabaki kwenye vyumba vyao vya kimaskini, wamebanana na jamaa zao, chakula hafifu, ila wakapewa dawa zilezile na kutembelewa. Waliobaki nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa. Na jamaa waliokuwa wakiishi nao hawakuugua zaidi ya jamaa za wale waliolazwa. Tangu hapo dunia ilianza kuacha kuwafungia wagonjwa wa kifua kikuu mbali na watu wao.

Tanzania yenyewe ina sehemu yake katika historia hiyo. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na mmoja wa waliousaidia kusimama ni Dkt. Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, ambaye kifua kikuu kilimpata akiwa kijana katika kambi ya mateso ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili. Utaratibu uliojaribiwa na kukomazwa hapa kwetu, wa kumfuatilia kila mgonjwa mpaka dozi ya mwisho, ndio ambao Shirika la Afya Duniani liliubeba kwenda nchi nyingine miaka ya 1990. Nilikaa na habari hiyo muda mrefu. Kijana aliyepona alikuja kuwafundisha wengine namna ya kuwasindikiza vijana wanaopona.

Na kusindikiza kwenyewe kuna kanuni. Zamani mgonjwa alilazimika kwenda kumeza dawa mbele ya mhudumu. Siku hizi anaruhusiwa kuchagua mtu wa nyumbani amsimamie. Nesi alipomuuliza mdogo wangu anamchagua nani, nilinyoosha mgongo nikijua ni mimi. Yeye alishamwonyesha mama kabla swali halijaisha. Iliniuma, sikusema.

Nikajaribu kusimamia kwa simu. Kila asubuhi: umemeza? Umekula? Umefungua dirisha? Wiki ya kwanza alijibu, ya pili akawa anajibu kwa ujumbe mfupi, ya tatu simu ikawa inaita mpaka inakata. Mara moja tu alinipigia mwenyewe, usiku, sauti inatetemeka, kwamba mkojo wake umekuwa kama wa damu. Nilimweleza kuwa ni rangi ya dawa, haina madhara, akashusha pumzi, tukaongea nusu saa kuhusu mpira. Nafikiri ndiyo simu pekee iliyompa kitu.

Niliporudi nyumbani mwisho wa Desemba nilimwona mama anavyofanya. Saa kumi na mbili asubuhi anaingia na kikombe cha maji na kigoda. Anakaa. Anaanza kusimulia: ng'ombe wa jirani ameingia shambani, bei ya maharage imeshuka, ameota ndoto ya marehemu babu. Katikati ya habari anamnyooshea kiganja chenye vidonge vitatu, kijana anameza, habari inaendelea. Akimaliza anaweka alama kwenye kadi, anaondoka. Sikumsikia hata siku moja akiuliza swali lenye neno dawa. Mwanawe alikuwa anaanza kila siku yake kama mtu anayepewa habari za kijiji, na ugonjwa ulipita humo ndani kama mgeni asiyekaribishwa kuketi.

Dozi ni siku 168: siku 56 za dawa nne zilizounganishwa kwenye kidonge kimoja, kisha siku 112 za dawa mbili. Mama aliamka alfajiri siku zote hizo, ukitoa wiki 3, na wiki hizo tatu nataka kuzieleza. Shangazi alipanda kutoka Kasanga, ziwani, na mfuko wa dagaa na migebuka iliyokaushwa. Sote tulidhani amekuja kumwona mgonjwa. Alimwona, akamsalimu, kisha akamwambia mama: "Wifi, mimi nimekuja kwako. Kalale." Mama alilia. Sijui kama kuna mtu mwingine katika ukoo wetu mkubwa, mimi nikiwemo, aliyekuwa amemtazama mama akaona uso wake umeingia ndani. Nilikuwa natuma pesa ya mayai na maziwa ya mgonjwa, na sikuwahi kuuliza mama anakula nini. Tunapomsifu mama muuguzaji kanisani na misibani, tuna desturi ya kusifu uvumilivu wake, kana kwamba uvumilivu haumalizi mtu. Shangazi hakusifu. Alichukua kigoda na kikombe.

Binamu yangu naye alichukua pikipiki. Alikaa na mwenye chombo, wakakubaliana aendeshe yeye na hesabu iendelee kwa jina la mdogo wangu. Ilibaki miezi mitano mkataba uishe. Petroli na posho vikitolewa, binamu hakuwa anabaki na kitu cha maana, na kwa miezi hiyo aliahirisha mahari yake mwenyewe. Kwenye kadi ya matibabu hakuna mahali pa kuandika jambo kama hilo. Ila mdogo wangu anasema usiku ule aliposikia pikipiki bado ni yake, alilala mpaka asubuhi kwa mara ya kwanza.

Kazi ngumu ilikuja wakati ambao hatukuutegemea. Januari alikuwa amenenepa, kikohozi kimekatika, anatembea hadi barabarani. Wageni walikoma, kwa kuwa mgonjwa kapona. Dawa zikapunguzwa, na yeye akaanza kusema waziwazi: mimi mzima, kwa nini mnaendelea kunifanya mgonjwa? Rafiki zake walikuwa wanamwita kilabuni kwenye pombe ya kimpumu. Wanaoujua ugonjwa huu wanasema hapo ndipo pa kuogopa, maana vimelea vichache vilivyobaki, dawa zikiachwa njiani, hurudi vikiwa vimezoea dawa. Kifua kikuu sugu kilipoanza kutibiwa nchini mwaka 2009, wagonjwa walikuwa wanapelekwa Kibong'oto, Kilimanjaro. Ukiwa Mwimbi, huko ni pembe nyingine ya nchi.

Mjomba alirudi. Safari hii bila nyundo. Alimwita kwenye kikao cha wakubwa cha kugawa shamba la bondeni, akamkalisha upande wake, na palipotokea ubishi wa mpaka akamgeukia na kumuuliza anaonaje. Mdogo wangu hakuwahi kuulizwa kitu kwenye kikao kile. Aliongea, wakamsikiliza, na kwa siku zilizofuata akapewa daftari la mbegu na mbolea alishike yeye. Baada ya hapo hakurudia kusema tunamfanya mgonjwa. Kilabuni hakwenda, na mmoja wa wale rafiki akawa anakuja uani jioni na togwa kwenye dumu, wanakunywa hapo wanacheza bao.

Dozi ya mwisho ilikuwa Mei, mahindi yanaanza kukauka. Kilo 58. Makohozi yalipimwa tena, safi. Nilikuwepo. Kesho yake niliamka mapema kwa mazoea ya nyumba ile, nikakuta jiko limeshawashwa. Mdogo wangu alikuwa anakoroga uji wa ulezi. Watoto wa binamu walikuwa wanakimbizana mlangoni, akawaashiria kwa kidole wanyamaze. Mama alikuwa bado amelala. Alikuwa amehamia chumba kile chenye dirisha kubwa, na jua lilikuwa limeshafika kwenye mto wake.