Mahali pa Kukutana na Mungu Katika Chumba Kimoja

Somo: Mathayo 6:6, Danieli 6:10, Ezekieli 11:16

Tunawaandikia kutoka Bukoto, hapa Kampala, na tunawakumbuka pia ndugu zetu mlioko Nakivale, Kyangwali na Kyaka.

Tunapowatembelea waumini nyumbani, mara nyingi tunasikia neno hili: "Mchungaji, tutaomba vizuri tukipata nyumba." Wengine wanasema, "Tukifika Marekani." Wengine, "Tukirudi kwetu." Sababu tunazielewa. Hapa mjini chumba kimoja cha kupanga huitwa muzigo kwa Kiganda, na sisi wa Kiswahili tukilisikia neno hilo tunacheka, maana kweli ni mzigo. Ndani yake kuna baba, mama, watoto, sigiri, madumu ya maji na godoro lililosimamishwa ukutani. Upande wa pili wa ukuta redio ya jirani inalia. Mtu ataomba wapi?

Lakini ndugu, miaka inapita. Kuna watoto waliozaliwa tukiwa tunangoja, na leo wako sekondari. Kama maombi ya nyumbani nayo tunayangojesha, watoto hao watakua bila kumwona baba wala mama akipiga magoti. Watadhani Mungu anakaa kanisani peke yake, siku ya Jumapili, karibu na spika.

Turudi kwenye Neno. Katika Mathayo 6:6 Bwana Yesu anatufundisha kujitenga ndani, mlango ukiwa umefungwa, tuzungumze na Baba ambaye macho yake yanafika penye siri. Neno la Kigiriki lililotumika pale kwa chumba ni tameion, nalo lina maana pia ya ghala. Ni neno lile lile la Luka 12:24, pale Bwana anaposema kwamba kunguru hawana ghala. Wengi waliomsikiliza walikuwa watu wa nyumba ndogo, familia nzima pamoja. Bwana hakuwadai chumba cha wageni wala kiti cha heshima. Aliwatuma mahali pa kuwekea chakula. Basi hata wewe, pembeni ya gunia la unga na ndoo ya maharage, uko ndani ya amri ya Bwana.

Mtazameni Danieli. Alichukuliwa kwao akiwa kijana, akazeeka ugenini. Alikuwa na chumba chenye madirisha kuelekea Yerusalemu, akaomba hapo mara tatu kwa siku. Mji huo aliouelekea ulikuwa umebomolewa, na hekalu limechomwa moto. Sisi tuliotoka Rutshuru, Masisi, Bunia na Uvira tunajua maana ya kuelekeza uso mahali palipoungua. Tena, amri ya mfalme ilipotoka, Danieli hakuanza kutafuta pa kuomba. Alikwenda palepale alipozoea. Mahali palipoandaliwa siku za utulivu ndipo palipomsimamisha siku ya hatari.

Na kwa Ezekieli 11:16, Mungu anasema juu ya watu waliotawanyika kwamba yeye mwenyewe amekuwa patakatifu pao katika nchi walizofikia. Hakungoja warudi. Aliwafuata.

Sasa tufanye nini? Tuna mashauri matano.

Kwanza, chagueni kona moja. Mkeka mdogo, kigoda au godoro lililokunjwa linatosha, na Biblia iwe karibu. Kitenge kikifungwa kwenye kamba kinakuwa pazia, na pazia ni mlango. Usinunue mafuta wala vitambaa vya upako ili kona hiyo ipate nguvu. Anayeitakasa ni Mungu. Mshumaa usiuache karibu na pazia au neti. Na kukiwa na baridi, usifunge mlango na dirisha huku sigiri inawaka ndani. Hewa ya makaa yenye sumu haionekani wala hainuki, nayo imeua watu wakiwa usingizini.

Pili, patanisheni saa. Kona bila saa ni kona tu. Labda ni alfajiri kabla ya boda boda kuanza kelele, au mchana watoto wakiwa shuleni. Watu wa nyumba wakubaliane: mama akikaa hapo, asiitwe, labda kuna hatari. Baba akikaa hapo, simu izimwe. Husimuliwa habari za Susanna Wesley wa Uingereza, mama aliyezaa watoto kumi na tisa, ambao baadhi yao walikufa wachanga. Nyumba ilipojaa watoto alijifunika aproni kichwani, nao wakajua kwamba mama yuko na Mungu. Mwanawe John ndiye aliyeanzisha Umethodisti. Mama zetu, kitenge chako nacho kinaweza kazi hiyo.

Tatu, mwili upumzike. Mwenye magoti mabovu aketi. Mwenye mimba aegemee ukuta. Eliya alipochoka hata kuomba afe, Mungu alimpa kwanza usingizi, mkate na maji. Sauti ya utulivu ilikuja baadaye (1 Wafalme 19).

Nne, tafakari kwa sauti ya chini. Neno la Kiebrania la kutafakari katika Zaburi 1 na Yoshua 1:8 ni hagah, nalo ni kunong'ona, kama njiwa anavyolia. Soma mstari mmoja, urudie polepole, uucheue kama ng'ombe anavyocheua majani. Ukuta ukiwa mwembamba, mkumbuke Hana: midomo ilitembea, sauti haikusikika, na Mungu alisikia.

Tano, na hili tunalisema kwa upole. Wako wanaoogopa utulivu. Wakinyamaza tu, yanarudi ya usiku ule: risasi, moto, sura za waliobaki nyuma. Ndugu, hiyo si dalili kwamba huna imani. Usijilazimishe. Fumbua macho, acha taa iwake, omba dakika tano tu pamoja na mwenzako. Soma Zaburi ya 13 au ya 88, ambazo wenyewe waliziomba wakilia. Mwambie mchungaji, na umwone mshauri wa afya ya akili. Dawa na maombi havigombani.

Na mkumbuke jinsi Mungu alivyotumia maombi ya wachache katika mji huu. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Walikuwa watu wawili tu, lakini uamsho ulienea hadi Rwanda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Wiki hii, kabla ya Jumapili, kila familia ichague kona na saa. Tukija kuwatembelea, tuonyesheni tuombe pamoja hapo.

Tuombe: Bwana, ulitufuata tulipokimbia. Ingia katika chumba chetu kimoja, kati ya masufuria na magodoro. Tufundishe kunyamaza mbele zako. Ponya waliojeruhiwa. Watoto wetu wakuone hapa tulipo leo. Kwa jina la Yesu. Amina.